Kamera ya mfukoni au DSLR: Ipi inafaa kupelekwa nyumbani?



Anayeishi ughaibuni, awe Maskati, Birmingham au Minneapolis, hakosi kupata ujumbe kutoka nyumbani kabla ya kusafiri: ukija, niletee kamera. Ujumbe ni mfupi, lakini aliyetumwa anapofika dukani hujikuta njia panda. Upande mmoja wa kabati zimepangwa kamera ndogo za kutia mfukoni. Upande wa pili zimekaa kamera kubwa nyeusi zenye lenzi ya kuvuliwa na kubadilishwa, zijulikanazo kwa herufi nne: DSLR. Na ikiwa duka ni la vifaa vilivyotumika, bei za aina hizo mbili huweza kulingana.

Walioomba nao hawana haja moja. Yupo kijana wa Dar es Salaam au Bujumbura anayetaka kujipatia riziki kwa kupiga picha za harusi. Yupo pia shangazi wa Mombasa anayetaka tu kuwa na kumbukumbu za wajukuu. Kijana akipelekewa kamera isiyomfaa, mtaji wake wa kwanza umepotea. Shangazi akipelekewa isiyomfaa, amepewa mzigo wa kuwekwa juu ya kabati.

Jawabu la haraka la watu wengi ni kwamba kubwa ndiyo bora. Jawabu hilo lina ukweli nusu tu, na makala haya yanaitafuta nusu ya pili.

Kioo ndani ya kamera

Ndani ya DSLR mna kioo kilicholala mshazari nyuma ya lenzi. Mwanga unaoingia hupiga kioo hicho na kupanda hadi kwenye kidirisha cha kuchungulia, hivyo mpiga picha huona kwa jicho lake kile kile kinachoonwa na lenzi. Abonyezapo kitufe, kioo huinuka, kilango kiitwacho shata hufunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde, na mwanga huangukia kihisi, yaani kile kipande cha elektroniki kilichochukua nafasi ya filamu.

Kamera ndogo haina kioo. Kihisi chake hufanya kazi muda wote ili kuonyesha picha kwenye skrini ya nyuma. Ndiyo maana betri yake huisha mapema. Nikon D3500, DSLR ya daraja la kuanzia iliyotolewa mwaka 2018, hukadiriwa kupiga picha 1,550 kwa betri iliyojaa. Sony RX100, kamera ndogo ya hali ya juu iliyotolewa mwaka 2012, hukadiriwa kupiga 330. Kwa mwenye kwenda harusini pahali ambapo umeme hukatika, tofauti hiyo si ndogo.

Lakini mizani nayo ina la kusema. D3500 pamoja na lenzi iliyouzwa nayo ina uzito unaozidi gramu 600. RX100, na kila kitu ndani yake, ni gramu 240, na hutoshea katika mfuko wa koti.

Soko lilivyogeuka

Mwaka 2003 kampuni ya Canon ilitoa kamera ya EOS 300D, yenye megapikseli 6, iliyouzwa Marekani kwa dola 999 pamoja na lenzi yake. Kabla ya hapo DSLR ilikuwa chombo cha magazeti na matajiri. Nikon ilijibu kwa D70 mwaka 2004 na D40 mwaka 2006, na mtu wa kawaida akaanza kuimiliki.

Kisha zikaja simu zenye kamera nzuri. Kwa mujibu wa takwimu za CIPA, jumuiya ya watengenezaji kamera yenye makao yake Japani, kamera za dijitali zaidi ya milioni 120 zilipelekwa sokoni mwaka 2010. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Mwaka 2020 ndio wa mwisho kwa Canon na Nikon kutoa modeli mpya ya DSLR. Baada ya hapo nguvu zao zilihamia katika kamera za lenzi ya kubadilisha zisizo na kioo.

Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba DSLR ya daraja la kuanzia siku hizi ni, kwa sehemu kubwa, kamera ya mtumba. Hilo halina ubaya. Bei yake imeshuka, na lenzi zake zilizotumika ni nyingi.

Beseni na kikombe

Muuzaji hupenda kutaja megapikseli. Idadi hiyo hueleza ukubwa ambao picha inaweza kuchapishwa, haielezi uzuri wake. Megapikseli 6 za mwaka 2003 zilitosha picha ya ukubwa wa karatasi ya A4.

La kuuliza kwanza ni ukubwa wa kihisi. Kihisi hukinga mwanga kama chombo kinavyokinga maji ya mvua. Mvua ikiwa kubwa, beseni na kikombe vyote hujaa. Ikiwa manyunyu, mwenye beseni ndiye atakayepata maji ya kutosha. Juani ufukweni, kamera ya bei ndogo na ya bei kubwa hutoa picha zinazofanana. Ukumbini usiku, chini ya taa za rangi, ndipo zinapoachana.

Kamera ndogo za bei nafuu kwa kawaida zina kihisi cha takriban milimita 6.2 kwa 4.6. Ndogo za hali ya juu, kama RX100, zina cha milimita 13.2 kwa 8.8. D3500 ina cha milimita 23.5 kwa 15.6. Tukihesabu eneo, kihisi cha DSLR hiyo ni kikubwa karibu mara 13 kuliko kile kidogo kabisa, na mara tatu kuliko kile cha kati.

Hapa kuna funzo la kwanza. Kamera ndogo ya bei nafuu haina faida kubwa tena, kwani simu nyingi za bei ya juu zina vihisi vinavyoizidi. Ubora uliobaki kwake ni lenzi inayoweza kukivuta karibu kitu kilicho mbali. Mwenye simu nzuri asinunue kamera ya namna hiyo bila sababu.

Lenzi ndiyo inayoamua

Funzo la pili huwashangaza wengi. Kila lenzi ina tundu la kupitisha mwanga, na upana wake huandikwa kwa herufi f na tarakimu. Tarakimu ikiwa ndogo, tundu ni pana. Lenzi inayouzwa pamoja na DSLR za daraja la kuanzia, ile ya milimita 18 hadi 55, huanzia f/3.5 na kuishia f/5.6 inapovutwa hadi mwisho. Lenzi ya RX100 huanzia f/1.8.

Tofauti ya f/3.5 na f/1.8 ni karibu mara nne ya mwanga. Kwa hiyo, picha ya watu wengi ikipigwa kwa upana ndani ya ukumbi, kamera ndogo hukifidia kihisi chake kidogo kwa lenzi yake pana, na mbili hizo hukaribia kuwa sawa. DSLR huanza kuongoza pale tu lenzi inapovutwa karibu.

Kwa maneno mengine, mwenye DSLR ambaye hatabadilisha lenzi kamwe amebeba uzito zaidi ya maradufu kwa faida haba.

Sasa tumvalishe DSLR lenzi nyingine, ile ya milimita 50 au 35 yenye f/1.8, isiyovuta wala kusogeza. Ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa, na kwa mtumba hushuka zaidi. Ikilinganishwa na ile ya f/5.6, huingiza mwanga karibu mara 10. Pale ambapo shata ilihitaji sehemu ya 10 ya sekunde, na kila mcheza ngoma akatoka kama kivuli, sasa sehemu ya 100 inatosha na nyuso husomeka. Hapo ndipo DSLR inapolipa gharama yake.

Ngozi nyeusi, shela nyeupe

Kamera yoyote hupima mwanga kwa kudhani kwamba wastani wa kilicho mbele yake ni kijivu cha kati. Bwana harusi akivaa kanzu nyeupe, bi harusi akavaa shela nyeupe, nao wakasimama mbele ya pazia jeupe, kamera hudhani mwanga umezidi na huupunguza. Kanzu hutoka ya kijivu, na nyuso za watu weusi hugeuka giza. Kinyume chake, ukuta wa nyuma ukiwa mweusi, kamera huongeza mwanga, na nyuso hung'aa kupita kiasi.

Dawa ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Pakiwa na weupe mwingi, jumlisha. Pakiwa na weusi mwingi, toa. Kisha itazame picha na urekebishe tena. Kwenye DSLR kitufe hicho kiko karibu na kidole. Kwenye kamera nyingi ndogo za bei nafuu kimefichwa ndani ya menyu, na harusi haingoji mtu afungue menyu.

Aidha, DSLR zote na kamera ndogo za hali ya juu huweza kuhifadhi faili ghafi, linalobeba mwanga wote uliopokewa na kihisi. Uso uliotoka giza huweza kurudishiwa nuru kwenye kompyuta. Faili la kawaida la JPEG haliruhusu sana hilo.

Vumbi na unyevu

Lenzi inapovuliwa, vumbi hupata njia ya kukifikia kihisi. Wa bara, kunakovuma vumbi la kiangazi, abadilishe lenzi ndani ya nyumba, na kamera itazame chini. Kamera ndogo nayo haijasalimika. Mchanga wa pwani ukiingia kwenye shingo ya lenzi inayochomoza, lenzi hukwama, na gharama ya kuitengeneza huweza kupita thamani ya kamera.

Unguja, Mombasa na Maskati unyevu ndio adui. Lenzi ikifungiwa gizani kwa miezi, ukungu huota ndani ya vioo vyake. Vipakiti vya kunyonya unyevu viwekwe ndani ya mfuko wa kamera, na kamera itolewe na kutumiwa mara kwa mara.

Ya kukagua kabla ya kulipa

Mnunuzi wa DSLR iliyotumika aulize shata imefunguka mara ngapi, kwani shata za daraja hilo mara nyingi hukadiriwa kuhimili mibofyo 100,000 hivi. Apige picha ya ukuta mweupe kwa f/16 na kuikuza. Madoa meusi ni vumbi kwenye kihisi. Aimulike lenzi kwa tochi. Utando kama wa buibui ni ukungu.

Kuna mtego katika kamera za Nikon za mifululizo ya D3000 na D5000, pamoja na D40 na D60. Hazina mota ya kulengea ndani yake, hivyo lenzi nyingi za zamani hazitajilenga zenyewe zikifungwa humo. Tafuta lenzi zenye alama ya AF-S. Kwa Canon, lenzi za EF zilizoanza kutolewa mwaka 1987 huingia katika DSLR zote za EOS na hujilenga zenyewe.

Kamera za Sony zilizouzwa kwa ajili ya soko la Japani aghalabu zina menyu ya Kijapani peke yake, basi iwashe kwanza ujionee. Chaja zilizo nyingi hukubali volti 100 hadi 240. Plagi ya Uingereza na Oman ni ile ile ya Kenya, ilhali ya Marekani itahitaji adapta. Betri za akiba zisafiri katika mkoba wa mkononi, kwani kanuni za usafiri wa anga haziruhusu zitiwe katika mizigo ya chini ya ndege. Na kwa kamera mpya, uliza iwapo dhamana inatambuliwa nje ya nchi ya ununuzi.

Basi achukue ipi?

Kijana anayetafuta riziki apelekewe DSLR, hata kuukuu, lakini iambatane na lenzi ya f/1.8. Ikiwa fedha hazitoshi vyote, chukua modeli ya kamera ya zamani zaidi ili lenzi ipatikane. Ongeza betri ya pili na kadi mbili za kumbukumbu. Liko pia jambo lisiloandikwa katika vitabu vya kamera: wateja hutazama chombo kabla ya kutazama picha, na mwenye kamera ya mfukoni hupata taabu kudai malipo ya mpiga picha.

Shangazi apelekewe kamera ndogo yenye kihisi cha kati na lenzi pana, ambayo ataitia mkobani kila atokapo. Na kama tayari ana simu nzuri, fedha hizo zichapishe picha alizo nazo. Simu huibwa na kadi huharibika, lakini picha iliyobandikwa katika albamu wajukuu wataikuta.

Kwa hiyo, msikilizaji, kabla ya kuuliza bei ya kamera, mpigie simu aliyekutuma na umuulize maswali mawili. Atapiga nini, na saa ngapi za siku? Na je, yuko tayari kununua lenzi ya pili na kuibeba? Akijibu ndiyo kwa hilo la mwisho, mnunulie DSLR. Akisita, kamera ndogo itamtumikia vizuri zaidi.