Mgeni Aulizwe Kwanza

Ndugu wanakikundi, hapa Eastlands tukitangaza kazi zetu kwenye tovuti, twapenda kujua ni wageni wangapi wamefika. Kuhesabu si vibaya. Lakini programu nyingi za kuhesabia huacha ndani ya simu ya mgeni alama ndogo iitwayo kuki, ili akirudi atambulike. Hapo ni lazima aombwe ruhusa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yataka akubali kwa hiari, na kikundi ndicho kitakachotakiwa kuthibitisha.

Kumbukeni KICC mwaka 2023: watu walipanga foleni, Worldcoin ikawapiga picha za macho kwa malipo. Mei 2025 Mahakama Kuu iliikataa ruhusa hiyo ya kununuliwa, ikaamuru data zifutwe.

Basi wekeni vitufe viwili, “Ndiyo” na “Hapana”, vya ukubwa sawa. Kabla mgeni hajabonyeza, kuki isiwekwe. Akikataa, asifungiwe mlango. Akibadili nia, aweze kujitoa.