Mono wa mwisho

Wavulana walioripoti kidato cha kwanza Januari 2024 walikuwa wa mwisho. KCPE waliyoifanya mwishoni mwa 2023, wakiwa watahiniwa zaidi ya milioni 1.4 nchi nzima, ndiyo iliyofunga kitabu cha mtihani ulioanza mwaka 1985. Mwaka uliofuata hakuna shule ya upili iliyopokea wageni: wadogo zao wa mtaala mpya walikuwa bado Gredi ya 9, katika sekondari msingi zilizo ndani ya shule za msingi. Gredi ya 10 ilipobisha hodi Januari 2026, mono (ndivyo anavyoitwa mgeni wa kidato cha kwanza) wa 2024 alikuwa ameshafika kidato cha tatu bila kupata hata siku moja mtu wa kumtuma maji.

Aliyelala bwenini anajua uzito wa jambo hilo. Asiyelala nitamweleza kwa kutumia shule za wavulana za Kikatoliki za Kitui na Makueni. Hayo ndiyo mazingira ninayoyafahamu, na isitoshe, shule hizo zimejitundikia ukutani picha ya kijana aliyekufa akiwalinda wavulana wadogo. Tutamfikia.

Safari huanzia saiba. Barua ya kujiunga na shule hutolewa kwenye tovuti ya Wizara ya Elimu, na mzazi huichapisha Wote au Mutomo kisha akaanza kuisoma akiwa bado amesimama mlangoni. Godoro, blanketi, mashuka, ndoo, beseni. Jembe au fyekeo. Fagio. Rimu ya karatasi, kamusi, atlasi, Biblia. Shule ya Kikatoliki huenda ikaongeza rozari na kitabu cha nyimbo. Viatu vyeusi jozi mbili, na hapo ndipo baba huuliza kama huyo mtoto ana miguu minne.

Halafu sanduku. Mafundi wa jua kali hulitengeneza kwa bati jembamba lililokunjwa kingo, wakalipaka rangi nyeusi au samawati, na juu ya kifuniko likaandikwa kwa rangi nyeupe jina la mwenyewe. Nambari ya usajili huongezwa baadaye, na mvulana ataikumbuka hadi uzeeni. Ndani mna sabuni ya mche iliyokatwa vipande, sukari, Blue Band, na chini kabisa, ndani ya sweta, maembe mawili matatu. Januari ni msimu wa maembe Makueni, na mama wa huko hawezi kumfungia mwana safari bila embe hata kama barua imekataza chakula cha nyumbani. Langoni kila kitu hupekuliwa. Embe likipona lango, haliponi usiku wa kwanza: sijapata kuona kufuli la sanduku lililomshinda mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Karo ni habari nyingine. Mwongozo wa serikali kwa shule nyingi za bweni zilizo nje ya miji mikubwa umekuwa Sh40,535 kwa mwaka, na serikali huahidi Sh22,244 kwa kila mwanafunzi. Tatizo la Ukambani ni kalenda. Mvua inayotegemewa huku ni ile ya Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo shule hufunguliwa ndengu zikiwa ndio kwanza zinapurwa, au zikiwa bado shambani. Mbuzi ndiye huenda sokoni Emali kwanza, ndengu zikafuata. Mvua ikikosekana, kama ilivyokosekana mwaka baada ya mwaka kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, benchi la nje ya ofisi ya mhazini hujaa akina baba walioshika kofia mkononi. Kundi la 2024 lilibahatika kidogo: El Niño ya mwisho wa 2023 ilibomoa barabara, lakini ilijaza mashamba.

Kompyuta ya wizara inayowapangia wanafunzi shule haiulizi dhehebu. Shule nyingi za Kikatoliki ni za umma: walimu wanalipwa na tume ya walimu, TSC, dayosisi ni mfadhili, na mvulana aliyepangiwa kwenda huko anaweza kuwa wa kanisa lolote. Na Ukambani kanisa lolote mara nyingi ni AIC. Misheni ya Africa Inland ilianzia papa hapa, Nzaui, mwaka 1895, na zipo koo nzima zisizojua ibada nyingine. Wakatoliki walikuja kujipanga baadaye. Kitui ilifanywa eneo la kitume mwaka 1956 na kupandishwa kuwa dayosisi 1964, chini ya Askofu William Dunne, Mwairishi wa Shirika la Mtakatifu Patrick, aliyeiongoza hadi 1995. Makueni iliendelea kuwa sehemu ya Dayosisi ya Machakos hadi Julai 2023, Papa Francis alipounda Dayosisi ya Wote. Kwa hiyo mono wa 2024 wa Makueni alikuwa na askofu mpya karibu kama sare yake.

Basi mwana wa mzee wa kanisa la AIC anajikuta kanisani Jumapili ya kwanza hajui lini asimame wala lini apige magoti. Anachungulia wa mbele na kumwiga, akichelewa kidogo kila mara, na ukisimama nyuma unaweza kuwahesabu wageni kwa kuchelewa huko. Saa sita kengele ya Malaika wa Bwana inalia na watu wote wanasimama palepale walipo, mwenye ndoo na ndoo yake. Mwaka 2024 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 14 Februari, takriban mwezi mmoja baada ya kuripoti, na wavulana waliokuwa hawajawahi kusikia neno Kwaresima wakapanga foleni kama wengine. Sheria iko wazi: kifungu cha 27 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinampa mfadhili usemi katika malezi ya kiroho, ila kinamtaka aheshimu imani za wengine, na Katiba inakataza mtu kulazimishwa ibada. Nadhani wachache sana wa umri wa miaka 14 huikumbuka Katiba wakiwa kwenye foleni. Wengi huenda kwa sababu kwaya ni nzuri, ngoma zinapigwa vilivyo, na kanisani hakuna anayekutuma.

Bwenini wapo. Mono huamka kabla ya kengele kuwahi maji, maana mifereji ya Kitui ina tabia zake, na ndoo yake mara nyingi huogesha mtu mwingine. Yeye ndiye hufagia, hupiga deki, husugua vyoo. Bwaloni hupakuliwa mwisho, na githeri ya mwisho ina mchuzi mwingi na maharagwe ya kutafuta. Hayo ni ya mchana. Usiku kuna mitihani isiyo na mtaala: kupima urefu wa bweni kwa njiti ya kiberiti, kupuliza balbu hadi izime, kumpigia mama simu kwa kutumia kiatu. Mimi nilipiga simu hiyo, katika shule ambayo sitaitaja, na bweni zima likacheka nilipomwambia mama kwamba nimefika salama. Ilikuwa kichekesho. Kofi lililofuata, kwa sababu sikuaga vizuri kabla ya kukata, halikuwa kichekesho.

Kifungu cha 36 cha sheria hiyohiyo kinaharamisha kumtesa mwanafunzi kimwili au kiakili. Adhabu ni faini isiyozidi Sh100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Lakini unyanyasaji wa bweni haukuwahi kuendeshwa na watu wabaya. Uliendeshwa na deni. Aliyetumwa mwaka jana anatuma mwaka huu, na anayetumwa mwaka huu anavumilia kwa kuwa anaona zamu yake ikija. Nimewahi kuwasikia watu wazima, wenye watoto wao, wakitetea jambo hili kwa hoja hiyohiyo: sisi tulipitia.

Hapo ndipo ile picha ya ukutani inaponitatiza. Karoli Lwanga, ambaye shule ya wavulana mjini Kitui inabeba jina lake, alikuwa mkuu wa vijana wahudumu katika ikulu ya Kabaka Mwanga. Kwa lugha ya shule, alikuwa kiranja. Alikitumia cheo hicho kuwaficha wadogo wasifikiwe na tamaa za mfalme, na alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Kizito, mdogo kuliko wote waliouawa naye, alikuwa na umri wa miaka 14 hivi, umri uleule wa kuripoti na sanduku. Kanisa liliwatangaza watakatifu Oktoba 1964, mwaka uleule Kitui ilipopata dayosisi. Kila Juni Misa ya sikukuu yao huadhimishwa, kiranja akasoma somo la kwanza kwa sauti ya kupendeza, na sijui ni mahubiri mangapi yamewahi kumwambia kiranja huyo kwamba hadithi ile inamhusu yeye.

Mwaka wa kwanza wa kundi hili haukuwa mtulivu. Mafuriko yaliahirisha ufunguzi wa muhula wa pili hadi 13 Mei 2024. Muhula wa tatu ulikuwa umeanza tu, Septemba, bweni la Hillside Endarasha kule Nyeri likawaka na kuua wavulana 21. Ukambani habari kama hiyo haisikiki kama ya mbali. Machi 2001 bweni la Kyanguli, Machakos, liliteketea na kuua wanafunzi 67, na wapo wazazi wa leo waliokuwa wenyewe shuleni mwaka huo. Ndiyo maana mwongozo wa usalama wa 2008 unadai milango ifungukie nje, madirisha yasiwe na vyuma, na nafasi kati ya vitanda isipungue mita 1.2. Mzazi anayempeleka mwana anaruhusiwa kuingia bwenini siku ya kwanza. Wengi hutazama godoro. Wangetazama dirisha.

Kisha 2025 ikaja, na vitanda vya kidato cha kwanza vikabaki vitupu. Kwa walimu wakuu lilikuwa suala la fedha, kwa kuwa mgao hufuata vichwa na robo ya vichwa ilikuwa haipo. Kwa wavulana lilikuwa suala la vyoo. Nani atasugua? Desturi ilisema mono, na mono hakuwepo. Waliokuwa wamemaliza mwaka wao wa utumwa walibaki kuwa wadogo wa shule kwa mwaka wa pili, na deni walilokuwa wakidai halikuwa na wa kulilipa. Hakuna kampeni ya wizara wala barua ya kichungaji iliyowahi kukata mnyororo ule kwa usafi namna hii, na ulikatwa bila mtu kukusudia, na watu waliokuwa wakihesabu gredi tu.

Wageni waliofika Januari 2026 si watoto. Wana miaka 15 au 16, wamekaa miaka mitatu katika sekondari msingi, na wamekuja na mkondo waliouchagua, uwe wa sayansi, wa sayansi za jamii, au wa sanaa na michezo. Kaka yao wa kidato cha tatu amewazidi mwaka mmoja au miwili na hawezi hata kuwapa madaftari yake ya zamani, kwa maana mtaala si uleule. Kumtuma maji kijana anayekufikia begani ni kazi. Lakini yuko mtu bwenini aliyesubiri miaka miwili, na kusubiri nako humfundisha mtu mambo.

Novemba 2027 kundi la 2024 litafanya KCSE ya mwisho kabisa na kubeba masanduku yake, rangi ikiwa imebanduka, hadi kituo cha matatu. Januari 2028 bweni litakuwa na Gredi ya 10, ya 11 na ya 12 peke yake. Hakuna hata mmoja kati yao atakayekuwa ameitwa mono, isipokuwa kama hawa wanaolala hapo sasa wataamua kuwaita hivyo.