Kutu Nyeusi

Sogeeni hapa, wajukuu zangu, ila kisu kibaki mkononi mwangu. Nakamulia tone moja la ndimu kwenye bapa lake. Tulieni kidogo. Haya, nalifuta: mnaliona hilo doa la kijivu? Sasa tone jingine kwenye kisu hiki cha stenlesi cha dukani. Kodoeni macho mpaka jioni mkitaka, doa halitatokea. Stenlesi imechanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10.5, na kromiamu hiyo hujitandia utando mwembamba unaokikinga chuma. Kirudisheni jikoni, hakimo katika hadithi yetu.

Kilichomo ni kisu cha chuma cha pua cha kawaida, kile ambacho wahunzi wetu hukifua kwa springi kuukuu za magari, kile kinachoingia weusi ukikatia embe au kitunguu. Watu wengi wakiuona weusi ule hukimbilia kuusugua. Mimi nataka tuuongeze, uenee bapa zima.

Chuma na oksijeni wakikutana huzaa watoto, na wawili kati yao ndio wenye kisa. Kutu nyekundu mnaijua, iko kwenye bati la kila nyumba. Ni mtoto mharibifu: huchukua nafasi kubwa kuliko chuma alichokila, kwa hiyo huvimba, hupasuka magamba, na kila gamba likidondoka linaacha chuma kipya wazi, naye anaendelea kula. Nduguye ni kutu nyeusi, ambayo wataalamu huiita magnetaiti. Huyu hung'ang'ania pale pale alipozaliwa, na ukimpaka mafuta anayashika. Na sasa fanyeni hesabu: atomu 6 za chuma zikitaka kuwa kutu nyekundu zinachukua atomu 9 za oksijeni. Zikitaka kuwa nyeusi, zinachukua 8. Moja tu imewatenganisha!

Je, mwekundu anaweza kugeuzwa mweusi? Anaweza, tena kwa maji ya moto. Mafundi wa bunduki wa Ulaya walikuwa wakiifanya kazi hii katika karne ya 19: waliacha mtutu ushike kutu makusudi, kisha wakauchemsha. Nasi tutafanya hivyo hivyo, mtu mzima akiwepo, makali yakiwa yamefungwa kitambaa kinene wakati wa kushika.

Kwanza kisu kisuguliwe kwa msasa laini, kioshwe kwa sabuni, kikaushwe, na baada ya hapo asikiguse mtu kwa vidole vitupu. Jasho na mafuta ya kidole yanaacha alama, na alama hiyo utaiona mpaka mwisho wa kazi. Chukueni siki yenye chumvi kidogo, mpanguse bapa kwa pamba iliyokamuliwa vizuri. Nyembamba! Anayemwagia siki anapata mabaka. (Na siki isikutane kamwe na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, hutoka hewa ya sumu.) Kiwekeni mahali penye unyevu, kikae saa kadhaa, mpaka kiote manyoya mafupi ya rangi ya udongo. Mama akipita hapo atasema mmemharibia kisu. Mwambieni asubiri.

Sufuria ya maji ya mvua iko mekoni, kwa kuwa maji ya bomba au ya kisima mara nyingi huacha chokaa. Yakichemka, zamisheni bapa. Hapa ndipo nisipopenda mtu anisemeshe. Ule wekundu unaanza kuiva, unakuwa kahawia, unakolea, na baada ya kama robo saa kisu kinatoka cheusi tii. Kikikauka, kisugueni taratibu kwa waya laini wa kusugulia masufuria. Masizi yanatoka, chini yake kumebaki kijivu kilichoshikamana. Ni hafifu, msivunjike moyo. Siki tena, kutu tena, chemsha, sugua. Kila mzunguko unakoleza.

Mkitaka ushahidi kwamba hii ni magnetaiti, chukueni unga mweusi unaotoka kisu kikifutwa kwa kitambaa kabla ya waya, muunyunyize juu ya karatasi, kisha mpitishe chini yake sumaku ya spika mbovu. Unga unasimama na kutembea. Unga wa kutu nyekundu karibu wote unatulia tu.

Najua mmoja wenu ameshafikiria moto wa jiko. Ni kweli chuma kikipashwa hubadilika rangi: manjano kwenye nyuzi 220 hivi, zambarau kwenye 280, buluu karibu na 300. Mafundi wa saa hupata mishale ya buluu kwa njia hiyo, wakiilaza juu ya chenga za shaba nyeupe ili joto lienee sawa. Lakini makali ya kisu yakifika huko yanalegea, na kitakuwa kizuri cha kutazamwa tu. Viwandani hutumia kostiki soda yenye moto wa nyuzi kama 140, inayoruka na kuunguza. Dawa za chupa za kupaka baridi nyingi zina seleniamu, ambayo ni sumu. Kwa kisu cha mboga sizitaki.

Mzunguko wa mwisho ukiisha, kipakeni mafuta ya nazi kingali na joto. Ya alizeti yatagandamana na kunata. Kisha kinoeni: ukingo wa makali utang'aa mweupe, na hapo patakuwa na kazi ya kufuta kila baada ya kukata.

Na asiyeupenda weusi huo? Akilaze kisu ndani ya siki kwa muda, kiloweke hasa. Siki ile ile iliyouanzisha itauyeyusha wote.