Kusafisha na Kuchafua: Negativu ya Picha kama Uwanja wa Sanaa

Katika Kiswahili, kazi ya kuitoa picha katika filamu huitwa kusafisha. Neno hili limebeba dhana kwamba picha imo tayari, na kwamba fundi huondoa tu kile kinachoificha. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wasanii kadhaa walivyoipinga dhana hiyo.

Tangu Mwingereza William Henry Fox Talbot alipopata hataza ya kalotipu mwaka 1841, upigaji picha ulijengwa juu ya hatua mbili. Kwanza, chumvi za fedha zilizopigwa na mwanga hugeuka nyeusi zikitiwa dawa. Hivyo mahali peupe huwa peusi katika negativu. Kisha mwanga hupitishwa katika negativu hadi kwenye karatasi, na weupe na weusi hurejea mahali pake. Baina ya hatua hizo mbili ndipo msanii anapoingiza mkono wake.

Mbinu mojawapo hutumia mwanga. Mjini Paris mwaka 1929, Lee Miller, msaidizi wa Man Ray, aliwasha taa katika chumba cha giza ilhali negativu zingali katika dawa. Negativu zilizodhaniwa kuwa zimeharibika zilitoa picha ambazo maumbo yake yamezungukwa na mstari mweusi, kana kwamba yamechorwa kwa kalamu. Badiliko hilo la kikemia lilikwisha kuelezwa na Sabattier katika miaka ya 1860. Wasanii hawa wawili walilifanya kuwa mtindo, nao ukaitwa solarizasheni.

Mbinu nyingine hutumia moto. Mbelgiji Raoul Ubac aliipasha moto negativu hata utando wa jelatini ukayeyuka na kutiririka. Katika «La Nébuleuse» ya mwaka 1939, mwili wa mwanamke unaonekana ukiyeyuka mfano wa moshi. Hapa msanii huchagua negativu na kuanzisha kazi, lakini umbo la mwisho hutokana na moto wenyewe. Aidha, negativu iliyoyeyuka hairudi tena katika hali yake ya awali.

Je, picha iliyochezewa yaweza kubaki shahidi? Jibu moja limetoka Lubumbashi. Katika mfululizo wake «Mémoire» wa mwaka 2006, Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huo, alizikata kwa kompyuta picha za kale za wafanyakazi wa Union Minière, akazibandika juu ya picha za rangi za majengo ya Gécamines yaliyochakaa. Kila sehemu ni ya kweli. Kilichobuniwa ni ule mkutano wao tu. Lakini mkutano huo unawarudisha wafanyakazi mbele ya magofu ya kazi yao, jambo ambalo picha moja pekee isingeliweza kulionyesha.

Kwa hiyo, kuchafua picha si lazima kuwe kinyume cha kusafisha. Pengine ndiyo njia ya kukifichua kile ambacho usafishaji wa kawaida ulikiacha gizani.