Kulipalilia Bwawa: Magugu, Maji na Viumbe Machakos

Mwanafunzi wa mofolojia hufunzwa mapema kwamba kitenzi 'palilia' kimetokana na 'palia' kwa kupachikwa kiambishi cha kauli ya kutendea. Anayepalia huondoa magugu; anayepalilia huyaondoa kwa ajili ya kitu fulani kinachobaki shambani, mathalani mahindi, kunde au mbaazi. Katika matumizi ya kila siku tofauti hiyo imefifia, na wengi huyachukua maneno hayo mawili kuwa pacha. Hata hivyo, inafaa kufufuliwa pale mtu anaposimama ukingoni mwa bwawa lililosongwa na mimea. Je, analipalia au analipalilia? Panga ni lile lile, bali matokeo hayafanani.

Swali hili lina uzito wa pekee Machakos. Sehemu kubwa ya eneo hilo ni kame, na mito yake mingi hutiririka msimu wa mvua tu. Mvua zenyewe huja mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na baina ya misimu hiyo watu hutegemea maji yaliyokingwa. Liko Bwawa la Maruba karibu na mji wenyewe, na yako mabwawa madogo ya udongo yaliyotapakaa vijijini, ambayo wenyeji wengi huyaita silanga. Bwawa la namna hiyo huchotwa maji ya nyumbani, hunywesha ng'ombe na mbuzi, na wakati huo huo ni makao ya vyura, samaki, kereng'ende na ndege. Likijaa magugu, wote hao hupata hasara. Likisafishwa vibaya, hasara huwa kubwa zaidi.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kila jani lililo majini ni gugu. Kiluwiluwi wa kereng'ende huishi chini ya maji, na siku ya kugeuka hupanda juu ya shina la mmea ili ajivue ngozi na kuruka. Mnana husuka viota vyake kwenye matete yaliyoinamia maji kwa kuwa nyoka na paka hawafiki huko kwa urahisi. Chura hutaga mayai penye majani. Bwawa lisilo na mmea hata mmoja linaweza kupendeza machoni, lakini limekufa. Mgeni asiyestahili hata kidogo ni gugumaji, mmea wa Amerika Kusini wenye maua ya zambarau, ambao katika hali nzuri huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi, na ambao mbegu zake hukaa hai katika tope kwa miaka 15 au zaidi. Huo hung'olewa wote, tangu mche wa kwanza unapoonekana.

Gugu halisongi bwawa pasipo kulishwa. Mbolea ya chumvichumvi na samadi huteremka na maji ya mvua kutoka mashambani, nazo hubeba naitrojeni na fosforasi. Kwa hiyo upaliliaji wa bwawa huanzia mlimani. Hapa Machakos ina la kujivunia: matuta ya 'fanya juu', ambapo mkulima huchimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu, yameenea mno katika vilima vyake, na jina hilo la Kiswahili limeingia katika maandishi ya kimataifa ya hifadhi ya udongo bila kutafsiriwa. (Ni istilahi chache za Kiswahili zilizobahatika hivyo, tena hii haikuundwa na kamati yoyote.) Tuta huzuia udongo na rutuba visiishie bwawani. Ukanda wa mabingobingo kandokando ya maji hufanya kazi hiyo hiyo, na hori la kunyweshea mifugo likijengwa chini ya ukuta wa bwawa, ng'ombe hawaingii kulitibua na kulirutubisha kwa kinyesi.

Wapo wanaokimbilia dawa ya kuua magugu. Dawa hizo huonekana nafuu, lakini baadhi yake, pamoja na viambata vinavyoisaidia kushika kwenye jani, huua viluwiluwi vya vyura. Isitoshe, hatari kubwa huja baada ya ushindi. Mimea yote ikifa kwa pamoja huzama na kuoza. Bakteria wanaoiozesha hutumia oksijeni iliyomo majini, na maji ya joto huhifadhi oksijeni kidogo tangu mwanzo. Samaki huonekana alfajiri wakihema juu ya maji, kisha wakielea. Aliyepulizia dawa hakuwakusudia samaki, lakini amewaua.

Njia ya mikono ni ya polepole, na upole huo ndio faida yake. Husafishwa theluthi moja ya bwawa, nyingine ikingoja mwaka ufuatao, ili viumbe wapate pa kuhamia. Mimea iliyovutwa kwa reki huachwa ukingoni siku moja au mbili, konokono, viluwiluwi na wadudu warejee majini. Kisha hupelekwa mbali kuwa mboji, maana ikioza papo hapo mvua huirudishia maji rutuba ile ile. Wakati ufaao ni Agosti na Septemba, maji yakiwa yamepungua na ndege wengi hawajaanza kutaga. Mimea mirefu yenye mashina yapitishayo hewa hadi mizizini hukatwa chini kabisa, na mvua za Oktoba zikipandisha maji juu ya visiki, mizizi hukosa hewa na kufa yenyewe. Mfanyakazi avae buti na glavu ndefu: konokono waishio kwenye magugu ndio wabebao vimelea vya kichocho, na Machakos inaujua ugonjwa huo.

Upo pia msaada wa wadudu. Katika Ziwa Victoria, Kenya ilianza mwaka 1997 kuwaachilia wadudu wa jamii ya fukusi walao gugumaji, na kufikia mwaka 2000 gugu hilo lilikuwa limepungua sana, ingawa wataalamu hubishana ni kiasi gani kilitokana na wadudu na kiasi gani na hali ya hewa ya El Niño. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 zililirudisha. Kinyume chake ni Naivasha, ambako kamba wa maji baridi kutoka Marekani walitiwa ziwani mwaka 1970. Walichangia kuiangamiza mimea ya asili, yakiwamo mayungiyungi. Mkulima asijiletee kiumbe mgeni kwa shauri lake mwenyewe.

Kwa bwawa la kijiji, chombo kilichopo ni mwethya, ule ujima wa Wakamba uliochimba matuta mengi yanayoonekana leo. Kabla ya siku ya kazi, kikundi hukubaliana theluthi ipi iguswe. Wenye mifugo hupendelea upande wa kunyweshea, wachotaji maji nao upande wa njia, na mara nyingi upande wenye viota hauna wa kuutetea. Hapo ndipo mtu mmoja anapohitajika kuweka vigingi mapema, matete ya viota yakiwa nyuma yake, kabla panga la kwanza halijaingia majini.