Kifua ndicho kinachoumwa, lakini miguu ndiyo inayokwisha

Katika nyumba zetu nyingi yupo mzee au mama mwenye kifua cha miaka mingi. Kila asubuhi anakohoa na kutoa makohozi, akipanda ngazi tatu nne anahema, na watu wa nyumbani wamekwisha zoea kusema, "huyo ni kifua chake tu." Leo kifua chenyewe sitakizungumzia sana. Nitazungumzia mapaja ya mgonjwa huyo, kwa sababu huko kuna uharibifu ambao wengi hawauoni. Tena uharibifu huo, tofauti na ule wa mapafu, kwa sehemu kubwa unaweza kurudishwa.

Ninayoyakusudia ni magonjwa ya mapafu yanayokaa. Kubwa lao ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Huu huwapata wavutaji sigara wa muda mrefu, lakini huwapata pia watu ambao hawajagusa sigara maishani mwao: mama aliyepika kwa kuni kwa miaka 30 katika jiko lisilo na dirisha, au mtu aliyefanya kazi kwenye vumbi mpaka akastaafu. Wapo pia waliougua TB wakatumia dawa mpaka mwisho na vijidudu vikaisha, ila mapafu yakabaki na makovu. Majina ya magonjwa haya ni tofauti, lakini yanavyoila misuli yanafanana sana.

Kwa nini miguu ikonde?

Mtu anayehema akitembea hupunguza kutembea. Hilo halihitaji elimu ya utabibu. Mzee anaanza kwa kuacha kwenda sokoni. Kisha anaacha kwenda msikitini adhuhuri kwa kuwa jua ni kali, halafu na alfajiri kwa kuwa kuna baridi. Mwisho maji ya kutawadha anapelekewa kitandani. Kila hatua ilionekana kuwa ya busara ilipochukuliwa. Lakini msuli usiotumiwa mwili huupunguza, na unaoumia mapema ni ule mkubwa wa mbele ya paja, unaonyoosha goti, ambao ndio tunaouinukia.

Mtego uko hapa. Msuli uliolala haupungui unene tu, hubadilika na tabia. Nyuzi zake za kazi ndefu, zile zinazotumia oksijeni taratibu bila kuchoka, hupungua, na vinu vidogo vya kutengeneza nguvu ndani ya seli hupungua pia. Mgonjwa akitembea hatua 20 tu, msuli unashindwa kuitumia oksijeni vizuri na unatoa asidi mapema. Mwili ukijaribu kuisawazisha asidi hiyo, hewa ya kabonidayoksaidi inaongezeka katika damu, nayo ni lazima itolewe na mapafu. Na mapafu yenyewe ndiyo hayo tunayoyajua! Basi mgonjwa anahema kuliko alivyohema mwaka jana kwa safari ile ile ya kwenda chooni, na nyumba nzima inasema kifua kimezidi. Pengine kifua kiko pale pale, miguu ndiyo iliyodhoofu.

Kukaa si sababu pekee. Uvimbe wa muda mrefu ndani ya mapafu hupeleka kemikali katika damu ambazo hula misuli ya mwili mzima. Kupumua kwa shida kwenyewe ni kazi inayokula nguvu usiku na mchana, wakati huo huo mgonjwa anakula kidogo kwa kuwa akishiba anabanwa. Kila anapozidiwa na kulazwa, siku chache tu za kitandani hupunguza nguvu ya mapaja, na wengi hawairudishi yote kabla ya kuzidiwa tena.

Kuna na vidonge vya prednisoloni. Hivi ni dawa nzuri mgonjwa anapozidiwa, na kwa ugonjwa wa kuziba njia za hewa kawaida hutolewa miligramu 40 kwa siku kwa siku 5 tu. Lakini wapo wanaovinunua wenyewe duka la dawa mwezi hata mwezi kwa sababu "vinafungua kifua." Vikitumika muda mrefu vinakonda misuli ya mapaja na mabega na kudhoofisha mifupa. Tahadhari: aliyekwisha vitumia kwa wiki nyingi asiviache ghafla, kwani mwili unaweza kuzimia nguvu kwa hatari. Aende kituo cha afya apunguziwe dozi kidogo kidogo. Dawa ya kuvuta kwa mdomo ni jambo jingine, hiyo aendelee nayo kama alivyoelekezwa.

Mwaka 2010 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa wa ugonjwa huu wa Uingereza na Uholanzi, ukaonyesha kuwa takriban theluthi moja yao walikuwa na udhaifu wa msuli wa mbele ya paja. Udhaifu huo ulikuwapo hata kwa baadhi ya wale ambao mapafu yao hayajaharibika sana. Na uchunguzi mwingine wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa nguvu ya msuli huo inasaidia kutabiri nani ataishi muda mrefu zaidi. Kwa hiyo haya si mambo ya urembo wa mwili.

Pima nyumbani

Usitegemee mizani peke yake. Mtu anaweza kubaki na kilo zile zile huku msuli ukipungua na mafuta yakichukua nafasi yake. Chukua kiti imara kisicho na mikono, kiegemeze ukutani, mgonjwa akae na akunje mikono kifuani. Ainuke asimame wima na kukaa tena, mara 5, haraka kadiri awezavyo kwa usalama, nawe utazame saa. Akizidi sekunde 15, au akishindwa kuinuka bila kushika kitu, miguu imedhoofu. Kipimo kingine ni kutembea mita 4 kwa mwendo wake wa kawaida. Ikimchukua sekunde 5 au zaidi, hiyo nayo ni dalili.

Lakini mgonjwa anayekonda kwa kasi, aliyekohoa wiki 2 au zaidi, anayetoka jasho usiku au kutema damu, msianze na kiti. Mpelekeni apimwe TB na maradhi mengine kwanza.

Huruma inayodhuru

Sasa nifike pale ninapotaka vijana wa nyumbani wanisikilize. Kumhudumia mzazi ni wajibu wetu, hilo halina mjadala. Ila tumelielewa vibaya. Tunadhani mtoto mwema ni yule ambaye baba yake hainuki kitini hata kidogo. Birika linaletwa, viatu vinaletwa, redio inaletwa, akitaka kusimama watu wawili wanamshika makwapa. Kwa mgonjwa wa mapafu aliyetulia, hayo ni sawa na kumpokonya miguu kidogo kidogo. Nilipata kumhudumia mama mmoja ambaye wajukuu walikuwa wakimbeba mpaka uani kwa mapenzi makubwa. Tulipowaambia wamwache atembee, mmoja wao nyuma na kiti, mwanzo waliona namfanyia ukatili. Baada ya wiki kadhaa alikuwa anafika jikoni mwenyewe na kuanza kuwagombeza namna wanavyopika.

Huduma sahihi ni kutembea naye. Mwekee viti viwili njiani ili apumzike.

Kuhema kidogo wakati wa mazoezi si hatari, na hili wagonjwa wengi hawajaambiwa. Kiasi kinachotakiwa ni kuhema huku bado anaweza kusema sentensi fupi. Avute pumzi kwa pua, aitoe taratibu kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza chai ya moto, na kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Kama ana dawa ya kufungua njia za hewa, aivute dakika 15 hivi kabla. Kisha atembee dakika chache, apumzike, aendelee, siku nyingi za wiki, akiongeza kidogo kila wiki. Mara 2 au 3 kwa wiki afanye lile zoezi la kiti: kuinuka mara 5 hadi 10, apumzike, arudie mara 2. Kwa mikono, chupa za nusu lita zilizojaa maji zinatosha kunyanyua. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, midomo kuwa ya buluu, au kuhema kusikotulia baada ya kupumzika: aache na apelekwe hospitali. Mwenye ugonjwa wa moyo aulize kabla ya kuanza.

Asiseme mtu kuwa haya ni ya Ulaya. Pale Kampala, Uganda, watu waliopona TB wakabaki na mapafu yenye makovu walifanyishwa mazoezi mara 2 kwa wiki kwa wiki 6, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Walitembea mbali zaidi na wakainuka kitini kwa haraka zaidi kuliko mwanzo. Mapafu yao hayakuwa mapya, ila miguu iliwabeba. Na kwa aliyelazwa, mazoezi yanafaa zaidi yakianza ndani ya wiki 4 tangu kutoka hospitali, si kungoja "apate nguvu kwanza." Kama hospitali yenu ina mtaalamu wa tiba ya viungo, muulizeni.

Kuhusu swala, ruhusa ya mgonjwa kuswali ameketi inajulikana na yeyote aliyepita madrasa, sina la kuongeza, na mwenye shaka amuulize sheikh wake. Ninalosema kwa upande wa utabibu ni kwamba kuinuka kutoka sijda ni kazi kubwa ya mapaja. Mzee aliyekwenda kwenye kiti kwa sababu ya udhaifu, na si kwa maumivu ya goti, huenda akakihitaji kwa muda tu.

Chakula

Mazoezi bila chakula ni kujenga bila matofali. Mgonjwa wa aina hii hushauriwa protini kama gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 50, basi, ahitaji gramu 60 au zaidi. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, kipande cha samaki cha kiganja kama 20. Dagaa wakavu wachache tu wana protini nyingi na ni nafuu. Tazama sasa kile tunachowapa wagonjwa: chai ya rangi na mkate asubuhi, uji mweupe mchana, supu ya maji maji usiku. Uji huo tia maziwa na karanga zilizosagwa. Ale kidogo mara 5 au 6, maana tumbo likijaa sana linasukuma kiwambo cha kupumulia juu. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini bila kuuliza. Na anayezidi kukonda, Ramadhani ikikaribia, aonane na tabibu wake na sheikh wake kabla ya kuamua kufunga.

Moshi nao utolewe ndani: sigara iachwe, jiko lihamishiwe nje au lipewe dirisha.

Wekeni daftari dogo. Kila Ijumaa andikeni sekunde za zoezi la kiti na umbali aliotembea. Baada ya wiki 6 nendeni nalo kliniki pamoja na dawa zake zote, hata zile za dukani, ili anayemtibu aone miguu ilikotoka na ilikofika.