Mashine Zilizojificha Nyumbani Mwako

Leo nina swali: nyumba uliyopanga ina mashine ngapi? Wengi mtataja friji, mashine ya kufulia, pasi, basi. Mimi nasema ni nyingi zaidi ya hizo, na nyingine hazili umeme hata kidogo.

Mnazikumbuka zile mashine rahisi tulizokariri shuleni? Nyenzo, roda (wengine tunaita kapi), mteremko, kabari, skrubu, gurudumu na ekseli. Mtihani ulipokwisha tukaziacha huko huko. Lakini hapa Uingereza, ambako kumwita fundi ni pesa nyingi na hakuna binamu wa kukushikia kabati upande wa pili, zina faida kweli.

Kanuni ni moja tu: mashine haikupi kitu cha bure. Inakupunguzia nguvu, lakini inakudai umbali. Ukitaka kutumia nusu ya nguvu, utakwenda umbali mara mbili, na msuguano nao utachukua chake.

Jaribu sasa hivi mlangoni. Sukuma mlango kwa kidole karibu na kitasa, tuseme sentimita 75 kutoka kwenye bawaba. Kisha sukuma sentimita 15 tu kutoka bawaba. Utahitaji nguvu mara 5, maana 75 gawa kwa 15 ni 5. Bawaba ndiyo egemeo. Ukikaa mbali nalo, kazi inakuwa nyepesi.

Twende jikoni. Kifuniko cha chupa ya achari kimegoma? Usishindane nacho mpaka viganja viwake moto. Ingiza ncha ya kijiko kwenye ukingo wa kifuniko, inua taratibu mpaka usikie "tap!" Kijiko hapo ni nyenzo, na hewa ikishaingia kifuniko hakibanwi tena. Kinachobaki ni kuzungusha skrubu, ambayo si kitu kingine ila mteremko uliozungushiwa kwenye duara.

Kifungua kopo cha kuzungusha kina mashine tatu kwa pamoja: mikono yake inayobana ni nyenzo, kigurudumu chenye makali ni kabari, na kile kishikio unachozungusha ni gurudumu na ekseli. Kabari tunaijua toka nyumbani: kisu, shoka, hata meno ya mbuzi ya kukunia nazi.

Sasa tuje kwenye kuhama nyumba, maana hapo ndipo watu wanapoumiza migongo. Una friji la kilo 48, na sakafu ya gari imeinuka sentimita 60. Ukilinyanyua wima, unabeba kilo zote 48. Weka ubao imara wenye urefu wa sentimita 180, funga friji kwenye kitoroli, kisha sukuma. Ubao ni mara 3 ya kimo, kwa hiyo utasukuma kama unabeba kilo 16, ukiongeza msuguano kidogo. Ila jamani, mtu mwingine asikae chini ya mzigo huo!

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayompitisha mlangoni mwenzetu anayetumia kiti cha magurudumu. Mwongozo wa ujenzi wa England hautaki mteremko wa namna hiyo uwe mkali kuliko 1 kwa 12. Yaani ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa sentimita 180 hivi. Ngazi tatu kama hizo zinahitaji zaidi ya mita 5, kwa hiyo kipande cha ubao kilichoegeshwa dakika ya mwisho hakitoshi, na ni hatari.

Basi safari ijayo tukikodi ukumbi wa sherehe yetu, kabla ya kuuliza bei na spika, tuulize kwanza: mlangoni kuna mteremko? Bila huo, tutakuwa tumewaalika wengine na kuwaacha wengine nje.

Masomo mema!